Han Solo Alifyatua Kwanza, na Mtu Asinibishie

Nianze na risasi moja, maana ugomvi wote umo ndani yake.

Mwaka ni 1977, filamu ni Star Wars. Katika kilabu chenye giza na moshi, kwenye sayari ya jangwa iitwayo Tatooine, Han Solo ameketi meza ya pembeni. Mbele yake yupo Greedo, kiumbe wa kijani mwenye macho kama mabakuli, mwindaji wa kukodiwa, bastola kaielekeza kifuani kwa Han. Greedo anajitapa kwamba siku hii ameingoja sana. Han anamjibu kwa upole, mkono mmoja ukichezea ukuta kama mtu asiye na haraka, wa pili ukishuka polepole chini ya meza. Mara kishindo, moshi, na Greedo yuko kifudifudi mezani. Risasi moja tu. Han anainuka, anamrushia mwenye kilabu sarafu, anaomba radhi kwa kuchafua mahali pa watu, huyoo anajiendea.

Hapo ndipo tulipomjua Han. Mhuni mwenye madeni, mtu asiyengoja kupigwa ndipo apige. Na ndiyo maana mwisho wa filamu, anaporudi na chombo chake kumwokoa Luke wakati kila mtu ameshakata tamaa naye, watazamaji huruka vitini. Mtu hawezi kuongoka kama hakuwahi kupotoka.

Sasa itazame filamu hiyo hiyo leo, kwenye huduma rasmi unayoilipia kila mwezi. Greedo ndiye anayeanza. Anafyatua kwa umbali wa meza moja, umbali ambao mtoto mwenye manati asingemkosa kunguru, naye anakosa! Risasi inapiga ukuta, ndipo Han anapojitetea. Hayo waliyafanya 1997. Mwaka 2004 wakaona aibu kidogo, wakazisogeza risasi mbili zikaribiane hadi usijue ipi imetangulia. Na katika mahangaiko hayo yote kichwa cha Han wakakisukuma pembeni kwa kompyuta kama kichwa cha mwanasesere. Mwaka 2019 wakamtia Greedo neno mdomoni kabla hajafa, "Maclunkey", neno ambalo halikuwahi kusikika mahali pale kwa zaidi ya miaka 40. Kidonda kimoja, bandeji tatu, na bado kinavuja.

Mimi filamu hii niliijulia Tanga, sebuleni kwa mjomba, kwa kanda ya VHS iliyochoka hadi mstari mweupe ulikuwa ukicheza chini ya picha mwanzo hadi mwisho. Deki ikila mkanda, mjomba aliutoa kwa vidole viwili na kuuzungusha kwa kalamu ya Bic, sisi watoto tumeshika pumzi. Miaka mingi baadaye nikamketisha binti yangu mbele ya runinga, nikijiona mzee mwenye hazina ya kurithisha. Nikamwandaa kabisa: "Mwangalie huyu Han. Huyu atamwahi mwenzake." Risasi ikatoka upande wa kijani. Binti yangu akanigeukia kwa huruma, huruma ile anayopewa mtu mzima anayeanza kuchanganya mambo. "Baba, umesahau. Kaanza yule wa kijani."

Sikusahau. Kumbukumbu yangu ilikuwa nzima. Ushahidi ndio ulioibwa.

Usiku ule nikaingia intaneti kuusaka. Niliowakuta huko ni watu ambao wenye biashara huwaita maharamia. Walikuwa na mkanda wa 1977, mkanda wa kweli wa sinema, wameupitisha kwenye mashine fremu kwa fremu na kuupangusa vumbi. Nikatazama. Risasi moja. Nikamwamsha mtoto.

Hoja yangu naisema mapema ili asiyeitaka afunge ukurasa sasa hivi: mwenye filamu ana haki ya kuirekebisha, lakini hana haki ya kuifuta ile ambayo dunia ilishaiona. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye mali akianza kulichoma daftari lake mwenyewe, yule anayekimbia nalo na kulificha chini ya kitanda usimwite mwizi mbele yangu. Mwite mtunza nyaraka, kisha mwombe radhi kwamba tumemwachia kazi hiyo aifanye bila mshahara.

Wenye dharau watasema: risasi moja tu, makelele ya nini? Haya, tuhesabu.

Mwisho wa Return of the Jedi, mwendelezo wa Star Wars wa 1983, Luke anaiona mizuka mitatu ikimtabasamia. Mmoja ni baba yake, mwenye sura ya mzee aliyetubu saa ya mwisho. Sura hiyo ilikuwa ya Sebastian Shaw, mwigizaji wa Uingereza aliyezaliwa 1905. Katika toleo la 2004, Shaw hayupo. Wamemwondoa na kumweka Hayden Christensen, ambaye filamu ile ilipotoka alikuwa mtoto wa miaka miwili. Shaw alikuwa amefariki tangu 1994, hakuulizwa. Sauti ya Boba Fett ilikuwa ya Jason Wingreen. 2004 wakaifuta, wakaweka ya Temuera Morrison. Sauti ya Mfalme katika mwendelezo mwingine, The Empire Strikes Back, ilikuwa ya Clive Revill, nayo ikaenda. Wimbo wa Waewok uliofunga hadithi mwaka 1983, wimbo wa furaha ya kitoto, ulikuwa umeshatupwa tangu 1997.

Halafu kuna mafundi. Vyombo vya angani vya 1977 vilitengenezwa kwa mikono, katika ghala moja huko Van Nuys, California, na vijana waliojenga vinyago kwa plastiki na kubuni kamera inayoongozwa na kompyuta ili iweze kurudia mwendo uleule mara kumi bila kukosea. Mwaka 1978 walipewa Oscar kwa kazi hiyo. Wahariri Paul Hirsch, Marcia Lucas na Richard Chew walipewa Oscar kwa uhariri. Kisha miaka ishirini baada ya filamu kutoka, picha nyingi za mafundi wale zikafunikwa kwa picha za kompyuta, na mpigo wa wale wahariri ukakatizwa kwa wanyama wa dijitali wanaopita mbele ya kamera kama ng'ombe barabarani. Tuzo ipo kabatini inang'aa, kazi iliyoipata imefungiwa stoo. Kuna dharau gani kubwa kuliko hiyo kwa fundi?

Na sisi wa huku tusidhani hayatuhusu. Katika filamu ile ile ya 1983, rubani mwenza wa Lando, yule mwenye mashavu yanayoning'inia aitwaye Nien Nunb, anaongea lugha ambayo Wamarekani waliichukulia kuwa ya sayari nyingine. Nairobi na Nyeri waliangua kicheko: kiumbe anasema Kikuyu! Sauti ilikuwa ya Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani. Ile sauti bado ipo. Ipo kwa sababu hakuna aliyeamka siku moja na kuamua vinginevyo, basi. Usalama wa sauti ya Rotich hauna msingi mwingine zaidi ya ule uliokuwa chini ya sauti ya Wingreen: hiari ya mwenye mali.

Sasa sikieni ya kuchekesha, au ya kuliza, mtachagua wenyewe. Mwaka 1988 mtu mmoja alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kupinga kwa ukali watu wanaobadili filamu za zamani. Siku zile Ted Turner alikuwa anazipaka rangi filamu za nyeusi na nyeupe ili ziuzike kwenye televisheni. Shahidi huyo aliwaambia wabunge kwamba wanaobadili au kuharibu kazi za sanaa kwa ajili ya faida au kuonyesha ubabe ni washenzi. Akaonya kwamba kesho teknolojia itaweza kuondoa sura za waigizaji na kuweka nyingine mbichi zaidi, na kubadili maneno yao. Akaonya pia kwamba negativu za asili zitapotea na mahali pake zitakaa zilizochezewa, na kwamba historia ya utamaduni isiachwe iandikwe upya.

Shahidi huyo alikuwa George Lucas, mwenye Star Wars mwenyewe.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kila alichokitabiri kwa hofu mwaka 1988 alikuja kukitenda kwa mkono wake mwenyewe: sura mbichi badala ya mzee Shaw, maneno yaliyobadilishwa, na negativu ya 1977 iliyofumuliwa ili vipande vipya vipachikwe ndani yake. Vita vile vya miaka ya themanini vilizaa sheria ya kuhifadhi filamu, na mwaka 1989 filamu 25 za kwanza zikaingizwa kwenye Sajili ya Taifa ya Filamu ya Marekani. Star Wars ilikuwamo. Basi tazama mkasa: filamu iliyotangazwa kuwa urithi wa taifa ndiyo hiyo raia wa taifa lile hawezi kuinunua dukani kama ilivyosajiliwa.

Niutendee haki upande wa pili: waliitoa, kwa jinsi yao. Mwaka 1995 wakauza kanda za VHS kwa tangazo kwamba hii ndiyo mara ya mwisho kuyapata matoleo ya asili. Mwaka 2006, makelele yalipozidi, wakayatupia kwenye DVD kama nyongeza, kando ya toleo "kuu". Picha waliichukua kutoka kwenye kanda walizoziandaa 1993 kwa ajili ya diski za leza, na kwenye runinga pana ilikaa katikati ya kioo, ndogo, imezungukwa na weusi pande zote nne kama picha ya marehemu kwenye fremu. Kampuni iliyokuwa na vifaa bora kuliko nyingi duniani ikatupa makombo, kisha ikatutazama usoni kuona kama tutashukuru. Mbwa wa mjini hutupiwa kwa heshima zaidi.

Wapenzi hawakushukuru. Walikaa chini wakafanya kazi.

Kijana mmoja wa Jamhuri ya Cheki, anayejulikana kwa jina la utani la Harmy, aliichukua diski rasmi ya Blu-ray na kuanza kuyafumua mabadiliko, moja moja, akiziba kila pengo kwa kipande cha zamani kutoka popote kilipopatikana: DVD ile ya makombo, mikanda ya sinema, hata picha mnato. Kazi yake ikaitwa Despecialized Edition, kama kusema toleo lililovuliwa "umaalumu" wake. Kikundi kingine kilichojiita Team Negative One kikaenda mbali zaidi. Wao walisema: kwa nini tuirekebishe diski ya mwenye mali wakati mikanda ya 1977 bado ipo duniani? Wakatafuta nakala za milimita 35 mikononi mwa wakusanyaji. Matunda yake yalitoka 2018 kwa jina la 4K77, na asilimia 97 ya picha zake zimetoka kwenye nakala moja tu ya Technicolor.

Hapa nisimame kidogo, maana hii ndiyo sehemu tamu. Nakala nyingi za rangi za enzi zile zilichapwa kwenye mkanda wa Eastman, na mkanda ule una ugonjwa: bluu na kijani huchuja, baada ya miaka filamu nzima inabaki nyekundu kama imemwagiwa sharubati ya ukwaju. Lakini Uingereza, kiwanda cha Technicolor kilikuwa bado kikichapa kwa njia ya zamani, kila rangi ikigandamizwa peke yake juu ya mkanda. Rangi zile hazichuji. Wanawake wa Pwani wataelewa haraka: kuna khanga ya kufua mara tatu ikawa tambara, na kuna ile ya bibi ambayo hadi leo ukiitandika inawaka. Nakala za Technicolor za 1977 ni khanga ya bibi.

Lakini hata khanga ya bibi huwa na madoa. Star Wars ina dakika 121. Kila sekunde ni fremu 24. Zidisha mwenyewe: fremu 174,240. Katika kila moja huenda kuna mkwaruzo au unywele ulionaswa kwenye mashine ya sinema ya mji fulani ambao hatutaujua. Watu hawa walizipitia, jioni baada ya kazi, bila kulipwa hata senti. Na wakajua pa kuacha. Kwenye kona ya juu kulia bado utaona lile duara linalometa kwa nukta moja, alama ya kumwambia fundi wa sinema abadili rili. Chembechembe za mkanda wameziacha zicheze. Walikuwa na kompyuta, walikuwa na uwezo wa "kupendezesha", wakajizuia. Nioneshe mwenye mali aliyewahi kujizuia hivyo.

Sasa tuje kwenye hoja za wapinzani. Nazijua zote, nimeshazisikia vijiweni.

Ya kwanza: ni kazi yake, aifanye atakavyo. Samahani, ni kazi ya nani? Lucas aliongoza filamu ya kwanza. The Empire Strikes Back iliongozwa na Irvin Kershner. Return of the Jedi iliongozwa na Richard Marquand, naye alifariki 1987, miaka kumi kabla filamu yake haijaanza kuchezewa. Haki ya msanii mnayoilinda ni haki ya msanii yupi? Mnachokilinda ni haki ya mwenye hati, na hati inaweza kuuzwa. Iliuzwa kweli, mwaka 2012, kwa Disney, kwa zaidi ya dola bilioni 4. Hata hapo filamu ya 1977 haikutoka. Tukaambiwa haki za usambazaji ziko kwa kampuni ya Fox. Mwaka 2019 Disney ikainunua Fox. Bado haikutoka, badala yake tukaletewa "Maclunkey".

Na wapo wasanii waungwana wa kulinganisha. Steven Spielberg aliichezea E.T. mwaka 2002, akaondoa bunduki mikononi mwa maaskari na kuwapa simu za upepo. Kisha akakiri hadharani kwamba alikosea, na diski ya 2012 ikatoka na bunduki zake. Hata lile toleo la 2002 lilipouzwa, la 1982 liliwekwa pembeni yake. Ridley Scott alikuwa na matoleo ya Blade Runner kiasi cha kuchanganya kichwa. Mwaka 2007 yakatoka matano katika kasha moja, na mtazamaji akaachiwa aamue. Hakufa mtu. Hakufilisika mtu. Msanii akarekebisha, historia ikabaki. Ni adabu ndogo kabisa hiyo, na ndiyo tunayoidai.

Ya pili: ni wizi. Kwa mujibu wa sheria za hakimiliki, nakala hizo hazina kibali, sitazunguka hapo. Lakini mwizi huchukua kinachouzwa ili asilipe. Hawa wanatunza kisichouzwa, na wengi wao husisitiza kwamba anayetaka kazi yao awe kwanza amenunua diski rasmi. Wana risiti! Mimi mwenyewe nimeinunua filamu hii mara nne, na mara zote nne nimeuziwa kitu nisichokitaka. Kwa sheria ya Marekani, filamu ya kampuni iliyotoka 1977 inalindwa kwa miaka 95, kwa hiyo itakuwa mali ya umma tarehe 1 Januari 2073. Mnatuambia tungoje hadi hapo? Mkanda hausomi sheria. Mkanda unachuja, unanywea, unanuka siki, unakufa.

Kama sheria ina upofu, tukumbuke kwamba haukuwa lazima. Ufaransa, warithi wa John Huston walikwenda mahakamani kuizuia televisheni ya La Cinq isioneshe The Asphalt Jungle, filamu yake ya 1950, baada ya kupakwa rangi. Hati ilikuwa ya kampuni ya Turner, Huston alikuwa maiti. Mwaka 1991 mahakama ya juu ya Ufaransa iliwapa ushindi warithi: heshima ya kazi haiuzwi pamoja na hati. Kumbe inawezekana kisheria kusema kwamba mwenye mali si Mungu.

Ya tatu, na ndiyo inayoniudhi kuliko zote: ni filamu tu. Ni filamu tu! Ulizeni historia jinsi filamu zinavyopona. Mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote za Nosferatu zichomwe, kwa kuwa ilitengenezwa bila ruhusa ya mjane wa mwandishi wa Dracula. Mwenye haki alikuwa na haki kamili. Leo tunaitazama kwa sababu kuna nakala zilizokwepa moto. Metropolis ya Fritz Lang ilikatwakatwa na wafanyabiashara mara tu ilipotoka 1927. Sehemu kubwa ya vipande vilivyopotea ilikuja kupatikana 2008 kwenye jumba la makumbusho huko Buenos Aires, katika nakala chakavu iliyokuwa imepita mikononi mwa mkusanyaji binafsi. Nako Uingereza, BBC ilifuta kanda za Doctor Who ili itumie tena mkanda. Vipindi karibu mia moja vikatoweka, lakini sauti zake zote zipo, kwa sababu watoto wa miaka ya sitini walikaa mbele ya televisheni na vinasa sauti. Na mwaka 2013 vipindi tisa vilitangazwa kupatikana wapi? Jos, Nigeria. Afrika ilikuwa imeyatunza aliyoyatupa mwenyewe London.

Mswahili hapaswi kufundishwa jambo hili. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa tunayo leo kwa sababu watu waliyapenda wakayaweka vichwani, na miongo kadhaa baada ya kifo chake Mwalimu Sikujua akayakusanya kutoka kwenye vinywa vya watu hadi yakafika kwenye karatasi. Hakuna aliyemwomba kibali mwenye hati. Lau ingehitajika hati, Muyaka angebaki jina tu.

Kuna linaloifanya hali ya leo iwe mbaya kuliko enzi za mjomba na deki yake. Kanda ya mjomba ilikuwa chakavu, lakini hakuna mtu aliyeweza kuingia sebuleni usiku akaibadili. Filamu ya mtandaoni hubadilishwa ukiwa umelala. Mwaka 2020 filamu ya Splash ya 1984 ilipoonekana kwenye huduma ya Disney, nywele za Daryl Hannah zilikuwa zimerefushwa kwa kompyuta ili zimfunike makalio, kazi ya kizembe, kana kwamba kaota manyoya. Mwaka 2023 watazamaji Marekani wakagundua kwamba The French Connection, filamu ya 1971 iliyopata Oscar ya filamu bora, imekatwa sekunde kadhaa zenye tusi la kibaguzi, bila tangazo wala maelezo. Tusi lile linanichefua. Ndiyo maana nalitaka libaki: lilikuwa pale ili tumjue yule askari ni mtu wa aina gani, kama risasi ya Han. Anayefuta tusi la mbaguzi kwenye filamu ya zamani hamponyi aliyetukanwa, anamsafisha aliyetukana.

Najua mtaniambia tulieni, mmeshinda. Ni kweli kwamba Juni 2025 jumba la filamu la BFI jijini London liliitoa kwenye ghala lake la baridi nakala ya Technicolor ya 1977 na kuionesha mbele ya watu. Ni kweli pia kwamba imetangazwa toleo la 1977 litasafishwa na kurudi sinema mwaka 2027, filamu ikitimiza miaka hamsini. Ahsante. Lakini siwezi kupiga magoti. Kwa miongo mitatu tuliambiwa toleo hilo halitakiwi, haliwezekani, kwa mwenyewe ni kama halipo tena. Nani aliyeiweka hai hamu yake muda wote huo? Nani aliyethibitisha kwamba inawezekana, kwa kuifanya chumbani kwake? Wale wale mnaowaita maharamia. Kama kungekuwa na haki, majina yao yangepita mwishoni mwa filamu hiyo, baada ya mafundi wa Van Nuys.

Na ushindi wa filamu moja maarufu kuliko karibu zote hauwasaidii ndugu zake wasio na jeshi la wapenzi. Kwa hiyo madai yangu yanabaki, nayaweka mezani kwa maneno mafupi. Atakayetoa toleo jipya, alazimike kuliacha la zamani likipatikana kwa hali nzuri, kwa bei ya kawaida. Atakayeligusa aseme hadharani kagusa wapi na lini, kama mchapishaji wa kitabu anavyoandika toleo la pili. Na asiyetaka kuuza cha kale, basi asimkamate anayekitunza bure.

Hadi sheria hizo ziandikwe, mimi niko na wenye mikanda chini ya kitanda.

Mwaka 2027 nikijaliwa uzima nitanunua tiketi mbili, yangu na ya binti yangu. Hiyo itakuwa mara ya tano nailipia filamu hii. Tutakaa katikati, taa zitazimwa, na tutakapofika kwenye ile meza ya pembeni nitanyoosha mkono gizani na kuhesabu risasi kwa vidole. Ikizidi moja, tutakutana tena kwenye ukurasa huu.